Dawa za kushusha kolesteroli: Nani anafaidika, nani ajihadhari

Statini ni dawa za kumeza zinazopunguza kolesteroli kwenye damu. Huandikiwa watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, na baadhi ya wale ambao hawajaugua lakini wako katika hatari kubwa ya kuugua. Zinazojulikana zaidi nchini Tanzania ni atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani limeiweka simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ni dawa chache sana zilizochunguzwa kwa kina kama hizi, lakini ubishi juu yake haujaisha: wapo wanaoziona kinga ya kila mtu mzima, na wapo wanaoziogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Utafiti wa zaidi ya miaka 30 unaonyesha kuwa manufaa ya kidonge hutegemea zaidi hatari aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuanza kukimeza kuliko namba ya kolesteroli iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara.

Suala hilo linaugusa mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa sababu maisha ya watu wake yana sura mbili. Mbozi, Ileje na Momba ni maeneo ya wakulima wa kahawa, mahindi na mpunga, na wavuvi wa Ziwa Rukwa, watu wanaoshinda kwa miguu na jembe. Tunduma, mpakani na Zambia, ni mji wa malori, maduka, bodaboda, chipsi na kitimoto. Dereva anayetoka Dar es Salaam hukaa kwenye usukani zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika kwenye foleni ya forodha, na akifika hapo anaendelea kukaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 26 wana kolesteroli ya milimoli 5 kwa lita au zaidi. Wenye shinikizo la juu la damu nao walikuwa takriban asilimia hiyohiyo.

Kolesteroli na ini

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Mwili huihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini. Inayotokana na chakula ni ndogo zaidi. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye damu, husafirishwa ikiwa imebebwa na chembe za mafuta na protini. Chembe zinazoitwa LDL zikizidi kwa miaka mingi hupenya kwenye kuta za mishipa na kujenga utando unaobana njia ya damu kidogo kidogo. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa. Ikitokea kwenye moyo ni mshtuko wa moyo. Ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi.

Statini hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya LDL kwenye seli zake, na vipokezi hivyo huanza kuiondoa LDL kwenye damu. Waliogundua vipokezi hivyo ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Texas, Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika utafiti wa mambo haya. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell na mwenzake waliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja nchini Uganda aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wakati huo tukio hilo lilikuwa geni kiasi cha mgonjwa mmoja kustahili makala nzima. Miaka mitatu baadaye A. G. Shaper na K. W. Jones walilinganisha kolesteroli ya Waafrika na Waasia wa Uganda, wakakuta ya Waafrika iko chini. Miaka ya 1960 George Mann, mtafiti kutoka Marekani, aliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache. Alipochunguza mioyo ya wanaume 50 waliofariki, kazi aliyoichapisha mwaka 1972, aliona utando kwenye mishipa yao, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Tafiti hizo zilidokeza kuwa chakula peke yake hakitoshi kueleza ugonjwa. Mwendo, kazi na mazingira ya maisha vina sehemu yake. Wamasai wa Mann walikuwa watembeaji wa masafa marefu.

Kutoka kwenye ukungu hadi kidonge

Dawa yenyewe ilitoka kwenye ukungu. Akira Endo, mwanakemia wa viumbe katika kampuni ya Sankyo ya Japani, aliamini kuwa baadhi ya ukungu hujilinda kwa kuwanyima vijidudu wengine uwezo wa kutengeneza mafuta wanayoyahitaji. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000 za ukungu na viumbe jamii yake. Mwaka 1973 walipata walichokitafuta kwenye ukungu wa *Penicillium citrinum* uliotoka kwenye mchele wa Kyoto. Kampuni ya Merck ya Marekani nayo ilipata lovastatini kutoka aina nyingine ya ukungu, na mwaka 1987 ikawa statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani. Endo alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90.

Kwa miaka saba ya mwanzo madaktari walijua kuwa dawa inashusha namba ya maabara, lakini hawakuwa na uthibitisho kwamba inaokoa maisha. Uthibitisho ulikuja mwaka 1994 kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wagonjwa 4,444 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au maumivu ya kifua ya moyo waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa simvastatini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya wastani wa miaka mitano na miezi kadhaa, waliofariki kwenye kundi lisilo na dawa walikuwa 256 na kwenye kundi la simvastatini 182.

Namba hizo zinaweza kusemwa kwa njia mbili, na hapo ndipo magazeti na matangazo huwachanganya watu. Kusema kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 30 ni kweli. Kusema kwamba kati ya wagonjwa 100 walikufa takriban wanane badala ya takriban 12, yaani watatu hadi wanne waliokolewa, ni kweli vilevile. Ya kwanza inaonyesha nguvu ya dawa, ya pili inaonyesha alichopata mgonjwa. Mgonjwa anayeamua kumeza au kutomeza anahitaji kuisikia ya pili.

Waliokwisha kuugua na ambao bado

Kwa waliokwisha kuugua, ushahidi umezidi kuwa mzito. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2002, wenye washiriki 20,536 waliokuwa katika hatari kubwa, ulikuta faida kwa wanaume na wanawake, wazee na wa umri wa kati, na hata kwa wale ambao kolesteroli yao haikuwa juu walipoanza. Watafiti wa Oxford na Sydney waliojumlisha majaribio mengi walikuta kuwa kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa kuzibua mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano.

Kwa ambao hawajaugua, uwiano huo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mahali unapoanzia. Moja ya tano ya hatari kubwa ni kitu, moja ya tano ya hatari ndogo ni kidogo. Mtu wa Tunduma mwenye miaka 58, anayevuta sigara, mwenye presha na kisukari, hafanani na mkulima wa Ileje mwenye miaka 35 asiye na tatizo lolote, hata kama karatasi zao za maabara zinaonyesha kolesteroli sawa. Wa kwanza anaweza kunufaika waziwazi. Wa pili anaweza kumeza vidonge kwa miaka mingi bila kuepushwa na chochote.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoshiriki jaribio kubwa kuhusu suala hili, lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Canada na kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020. Washiriki 5,713 wasio na ugonjwa wa moyo lakini wenye hatari ya kiasi walipewa kidonge kimoja chenye simvastatini miligramu 40 na dawa tatu za kushusha presha, au kidonge kisicho na dawa. Baada ya wastani wa miaka minne na nusu, waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au tukio jingine kubwa walikuwa asilimia 4.4 kwa waliomeza dawa na asilimia 5.5 kwa wasiomeza. Walioongezewa asprini walifikia asilimia 4.1, dhidi ya asilimia 5.8 kwa waliomeza vidonge viwili visivyo na dawa. Kizunguzungu na kushuka kwa presha viliwapata zaidi waliopewa dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge mseto vya aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kidonge kimoja badala ya vinne kina maana kubwa kwa anayesafiri mbali kufuata dawa. Lakini jaribio hilo haliwezi kueleza ni kiasi gani cha faida kilitokana na statini na kiasi gani na dawa za presha.

Madhara: yaliyothibitika na yanayodhaniwa

Madhara yanayotajwa zaidi ni maumivu ya misuli. Katika hali mbaya kabisa misuli huvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuharibu figo. Kwa dozi za kawaida hilo ni nadra mno, lakini historia yake ina somo. Agosti 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni serivastatini baada ya vifo 52 kuripotiwa duniani, vingi vikihusishwa na dozi kubwa au na kuichanganya na dawa nyingine ya mafuta. Dalili za hatari ni maumivu makali au udhaifu wa misuli usioelezeka, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Anayeziona anatakiwa kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu ya kawaida ni jambo tofauti. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi. Kila mmoja alipewa chupa 12 za kutumia mwezi mmoja mmoja: nne zenye atorvastatini, nne zenye vidonge visivyo na dawa na nne tupu, huku wakirekodi hali yao kila siku kwenye simu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 100, maudhi yalikuwa wastani wa 8 katika miezi ya chupa tupu, 15.4 kwenye vidonge visivyo na dawa na 16.3 kwenye statini. Maana yake ni kwamba maumivu yalikuwa ya kweli, lakini karibu yote yalitokana na kule kumeza kidonge ukitarajia kuumia. Baada ya kuonyeshwa majibu yao, nusu ya washiriki walirudi kwenye dawa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulifikia hitimisho linalokaribiana: katika mwaka wa kwanza statini huongeza malalamiko ya misuli kwa watu wapatao 11 kati ya 1,000, na zaidi ya asilimia 90 ya malalamiko ya wanaoitumia yana chanzo kingine.

Kisukari ni athari iliyothibitika. Mwaka 2010 uchambuzi wa majaribio 13 yenye washiriki 91,140 ulikuta statini zinaongeza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 9. Ni sawa na mtu mmoja zaidi kwa kila 255 wanaotibiwa kwa miaka minne. Wanaoathirika zaidi ni wale ambao sukari yao ilikuwa tayari imekaribia kiwango cha kisukari. Ini huathirika kwa nadra, na Marekani iliacha kudai vipimo vya ini vya mara kwa mara mwaka 2012.

Makala iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 ilijaribu kuweka pande zote mbili kwenye mizani moja. Watu 10,000 wakitibiwa miaka mitano kwa dozi yenye nguvu, kama atorvastatini miligramu 40, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanazuilika kwa watu takriban 1,000 ikiwa waliwahi kuugua, na 500 ikiwa hawajawahi. Kwa upande wa pili watano hupata ugonjwa mkubwa wa misuli, 50 hadi 100 hupata kisukari, na watano hadi 10 hupata kiharusi cha kuvuja damu. Wakosoaji hawakuridhika. Walisema majaribio mengi yaligharamiwa na kampuni za dawa, kwamba data za kila mshiriki hazijawekwa wazi kwa watafiti wengine, na kwamba kwa wenye hatari ndogo faida ni finyu mno. Hoja hizo zina uzito kwa watu wasio na ugonjwa, lakini hazijatikisa ushahidi kwa waliokwisha kupata mshtuko wa moyo.

Presha kwanza

Kiharusi cha kuvuja damu kinahitaji uangalifu wa pekee nchini. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta Dar es Salaam ina viharusi vipya takriban 316 kwa watu 100,000 kwa mwaka baada ya kurekebisha umri, kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Chanzo kikuu ni shinikizo la damu ambalo halikugunduliwa au halikutibiwa.

Mwaka 2006 jaribio la watu 4,731 waliokuwa wamepata kiharusi au kiharusi cha muda mfupi lilionyesha kuwa atorvastatini miligramu 80 ilipunguza viharusi kutoka asilimia 13.1 hadi 11.2 kwa jumla, lakini vya kuvuja damu viliongezeka kutoka visa 33 hadi 55. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi anahitaji kwanza kujulikana ni cha aina gani, na hilo huhitaji CT scan, kipimo ambacho hakipatikani kwenye zahanati wala kituo cha afya. Statini haichukui nafasi ya dawa ya presha. Mgonjwa mwenye presha ya 180 ambaye pesa yake inatosha dawa moja tu anaanza na ya presha.

Wanaoishi na VVU

Nyanda za Juu Kusini ni ukanda wenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na Tunduma iko kwenye barabara kuu ya malori. Waliofubaza virusi kwa dawa sasa wanazeeka, na wanapata magonjwa ya moyo zaidi ya watu wa umri wao wasio na virusi. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 12, Uganda ikiwemo, kwa watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75 wanaoishi na VVU na ambao hatari yao ya moyo ilihesabiwa kuwa ndogo au ya kiasi. Pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kisukari kilijitokeza kwa asilimia 5.3 ya waliomeza dawa na asilimia 4 ya wasiomeza.

Kuchagua statini kwa kundi hili kunahitaji umakini. Dolutegravir, iliyo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi kwenye kliniki za tiba na matunzo ya VVU (CTC), haina ugomvi na statini. Dawa za mstari wa pili zenye ritonavir ni suala jingine: hupandisha kiwango cha simvastatini mwilini hadi kuwa hatari kwa misuli, na dawa hizo mbili hazitakiwi kutumiwa pamoja. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huipunguza nguvu statini.

Dawa zinazogongana

Migongano mingine iko karibu zaidi na maisha ya kila siku. Amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana nchini, ikienda pamoja na simvastatini, dozi ya simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20. Erithromaisini na klarithromaisini, antibayotiki zinazotumika kwa kifua, pia hupandisha simvastatini. Mara nyingi statini husimamishwa hadi dozi ya antibayotiki iishe. Juisi nyingi ya balungi ina athari kama hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha kwa kawaida huachishwa statini.

Mpakani, ambako mtu anaweza kununua dawa Tunduma leo na Nakonde, upande wa Zambia, mwezi ujao, kusoma pakiti kunasaidia kuliko kukumbuka rangi ya boksi. Jina kubwa la mbele ni la biashara na hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Jina la dawa yenyewe, lenye kuishia na "statin", huandikwa chini yake kwa herufi ndogo, likifuatwa na miligramu. Maboksi mawili yenye majina tofauti ya biashara yanaweza kuwa dawa ileile, na anayeyameza yote mawili anazidisha dozi bila kujua. Rosuvastatini miligramu 10 nayo si ndogo kuliko atorvastatini miligramu 20. Nguvu zake hukaribiana.

"Dawa za asili za kuyeyusha mafuta" zinazouzwa minadani na mitandaoni zinahitaji tahadhari ileile. Mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa duniani kama dawa ya asili, una kemikali iliyo sawa kabisa na lovastatini, ila kipimo chake hubadilika kutoka kopo hadi kopo. Vitunguu saumu na ndimu ni vyakula vizuri, lakini havilingani na statini katika kushusha LDL.

Namna ya kuamua

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza statini kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, kwa mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40, na kwa ambaye hatari yake ya kupata tukio kubwa ndani ya miaka 10 imefika asilimia 20. Hatari hiyo husomwa kwenye chati zilizotolewa mwaka 2019, zenye toleo la ukanda wa mashariki mwa Afrika. Toleo moja halihitaji maabara: umri, jinsia, sigara, presha, uzito na urefu vinatosha. Zahanati yenye mashine ya presha, mizani na kipimo cha urefu inaweza kumtambua anayehitaji kupelekwa mbele.

Mgonjwa akianza dawa, kolesteroli hupimwa tena baada ya wiki nne hadi 12. Ikiwa haijashuka, swali la kwanza ni kama dawa inamezwa kila siku. Kuongeza dozi maradufu hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, huku uwezekano wa madhara ukipanda. Anayepata maumivu hubadilishiwa aina au hupunguziwa dozi kabla ya kuachishwa. Kwa wenye umri zaidi ya miaka 75 ambao hawajawahi kuugua, ushahidi ni mwembamba kuliko kwa walio chini ya umri huo, na uamuzi hufanywa kwa kuangalia afya nzima ya mzee na idadi ya dawa anazomeza.

Statini hulinda kwa muda inapotumika tu. Ikiachwa, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Utafiti wa nchi 41 za kipato cha chini na cha kati uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kuwa kati ya waliowahi kuugua na wanaostahili dawa hii, takriban mmoja tu kati ya watano alikuwa anaitumia. Katika nchi hizo, pengo kubwa ni la wagonjwa wanaostahili dawa ambao haijawafikia au walioiacha njiani. Wenye afya wanaomeza bila sababu ni tatizo dogo zaidi.